Uzito unaoulenga haupatikani kwa kutoa asilimia

Malalamiko yanayofika kwetu kitengo cha lishe hapa Mtwara yanafanana. Mtu amepanda mizani inayosoma mafuta ya mwili, ameambiwa ana asilimia 32, naye anataka 25. Anatoa, anabaki na 7, kisha anapunguza asilimia 7 ya uzito wake. Baada ya miezi kadhaa anarudi: mizani yenu inadanganya.

Mizani haina kosa, hesabu ndiyo mbovu.

Mkulima wa korosho anaelewa haraka, kwa kuwa anajua uzito wa gunia tupu lazima utenganishwe na uzito wa korosho zake. Tumchukue mama wa kilo 82 mwenye mafuta asilimia 32. Mafuta ni kilo 26.2. Zinazobaki, 55.8, ni misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Hizo hatutaki ziguswe. Mafuta yakiwa asilimia 25, hizo 55.8 zitakuwa asilimia 75 ya uzito mpya. Gawa 55.8 kwa 0.75, unapata kilo 74.4. Yule aliyekata asilimia 7 ameishia 76.3, na mafuta yake bado yako karibu 27.

Sasa upimaji. Pima asubuhi, kabla ya chai, ukishajisaidia, miguu mitupu na mikavu, mifukoni pasiwe na simu wala funguo. Soksi nazo zinavuliwa. Tumelisema hili mpaka tumechoka. Mizani hii hupitisha umeme mdogo sana mwilini, na maji huupitisha vizuri kuliko mafuta. Ukija na kiu kutoka kubangua korosho juani, itakusomea mafuta mengi kuliko uliyonayo. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa asipande kabisa. Mjamzito naye hesabu hii haimhusu, aendelee na kliniki yake.

Vijana wa jimu wanaotaka asilimia 5, sawa, lakini mwanamke anahitaji kama 10 hadi 13 ili mwili ufanye kazi zake tu. Na wanaouza vidonge vya kupunguza tumbo pale stendi wakumbuke kuwa kuuza dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ni kosa kisheria, hata ikiitwa ya asili kwenye kopo.

Hiyo 74.4 ni makadirio. Anayepungua hupoteza na misuli kidogo, kwa hiyo kila baada ya kilo tatu pima tena, piga hesabu upya. Mizani iwe ileile, na uje na daftari lako. Kumbukumbu za kichwani hatuandiki.