Aksesi pointi hazikupimi wewe, hupimana zenyewe

Niliitwa hoteli moja Mombasa. Koridoni Wi-Fi inakimbia; ukiingia chumbani na kufunga mlango, inakata roho. Meneja alikuwa ameshaagiza aksesi pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) mbili za kuongezea. Nikamwomba azishike kwanza.

Kwenye kontrola, kifaa kinachozisimamia pointi zote, nikakuta za ghorofa ya pili zote ziko 2 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), hata miliwati 2 hazifiki, ilhali zina uwezo wa 20 dBm, yaani miliwati 100. Hakuna aliyezishusha. Zilijishusha zenyewe.

Wengi hudhani pointi hupima simu ya mteja ndipo ipange nguvu. Kwanza hupimana. Kila pointi hutuma ujumbe mfupi kwa nguvu zake zote, hata kama wateja inawanong'onezea tu, na pointi jirani huandika zimeusikia kwa kiasi gani. Hesabu ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, kwa mfano, humtazama jirani wa tatu kwa ukubwa wa sauti, na kwa kawaida hutaka asikike kwa -70 dBm (kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo sauti inavyokuwa kubwa). Sasa korido ile ni kama bomba, hakuna ukuta wa kuzuia kitu: jirani wa tatu alisikika kwa -52. Zimezidi 18. Toa 18 kwenye 20, zinabaki zile 2. Kontrola haikukosea, aliyekosea ni aliyezipanga kwenye mstari mmoja kwa kuwa ndiko waya ulikopita kirahisi. (Mafundi tunajuana.)

Ipo kinga ya pili, na hii ndiyo humsikiliza mteja: akisikika chini ya -80 dBm kwa muda, pointi hupandishwa. Ila kwa mipangilio ya kiwandani husubiri wateja watatu waumie. Mgeni mmoja wa chumba cha mwisho, saa tano usiku, hahesabiki. Na simu iliyoshindwa kabisa kuunganika haisikiki na yeyote.

Kuzifungulia zote hadi 20? Hapana. Simu haina sauti hiyo; itaisikia pointi vizuri, jibu lake lisifike. Niliweka kima cha chini cha 11 dBm wageni wapate nafuu, kisha tukazihamishia pointi vyumbani, kushoto na kulia kwa kupishana. Kuta zikafanya kazi yake: jirani wa tatu akashuka hadi -64, na pointi zikapanda zenyewe hadi 14.

Zile mbili za meneja bado ziko kwenye maboksi.