SSD ya seva haiishi haraka vile unaambiwa

Ukizunguka Luthuli Avenue hapa Nairobi ukiuliza SSD ya seva, yaani diski inayoweka data kwa chipu za flash, bado utaambiwa ati hizi vitu zinakufa haraka ukiziandikia sana, kwa hivyo chukua ile ya kuvumilia kuandikwa sana kabisa ama urudi kwa diski za kuzunguka. Hiyo stori ni ya kitambo na imekula watu pesa mingi. Ni kweli seli za flash huchakaa kila zikifutwa na kuandikwa upya, lakini swali ni zinachakaa kwa kasi gani.

Tupige hesabu. Diski ya terabaiti 1.92 yenye DWPD 1, yaani unaweza kuijaza yote mara moja kila siku kwa miaka 5 ya waranti, inavumilia kuandikwa jumla ya karibu terabaiti 3,500. Seva ya mishahara ninayoangalia huku Industrial Area inaandika kama gigabaiti 200 kwa siku, hiyo ni miaka 48, na mashine yenyewe itakuwa imeshatupwa. Juzi nimefungua smartctl, programu ya kucheki afya ya diski, nikaangalia ile laini ya Percentage Used, yaani asilimia ya uhai wa diski iliyotumika; diski iko kazini mwaka wa tatu sasa, inasoma 6.

DWPD 3 ama 10 nunua kama ni ya kashe (hifadhi ya muda ya data inayotumika sana) ama databesi yenye haitulii usiku na mchana. Mimi ningeuliza kwanza kama SSD ina kapasita za kulinda data stima ikipotea, na hapa kwetu stima inapotea tu bila kupiga hodi, juu SSD nyingi za laptop hazina hizo.