Mtoto akinyamaza wodini, ametulia?

Dhana: Akiacha kulia, amezoea.
Hadi miaka ya 1950, hospitali nyingi Uingereza zilimlaza mtoto na kumrudisha mama nyumbani. Mtoto alilia siku mbili tatu, kisha kimya. Wauguzi wakasema ametulia. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akiwatazama watoto hao tangu 1948, aliona kimya hicho ni cha kukata tamaa. Hakuaminiwa. Mwaka 1952 akachukua kamera, akamfuata binti wa miaka miwili kwa siku zote nane za kulazwa, akirekodi kwa nyakati zilezile kila siku, ili asije akaambiwa amechagua vipande vya majonzi. Alipoionyesha filamu hiyo kwa madaktari London, wengi walighadhibika: amewasingizia, filamu iondolewe!

Dhana: Waliopinga hawakuwajua watoto.
Laiti ingekuwa hivyo. Wafuasi wa Melanie Klein, mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi, fani ya akili iliyoanzishwa na Sigmund Freud, walikuwa wamebobea katika akili za watoto, lakini walidai kinachomliza binti yule ni njozi zake kuhusu ujauzito wa mama yake, wala si kuachwa. Mtoto yuko mbele ya macho yao, anamwita mama, nao wanamsikiliza Freud! John Bowlby, daktari wa akili aliyefanya kazi na Robertson, alipowaeleza mwaka 1957 kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mlezi, kama makinda ya wanyama, walimwona ameiasi imani.

Dhana: Mtoto humpenda mama kwa sababu humnyonyesha.
Mwanasaikolojia Mary Ainsworth naye aliamini hivyo alipofika Uganda mwaka 1954. Akawa anawatembelea akina mama 26 wa Kiganda majumbani kwao, karibu na Kampala. Mtoto anatambaa hatua chache, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea. Akibebwa na mgeni analia. Mama akimpokea ananyamaza, hata bila kunyonya. Ainsworth akaiacha nadharia yake. Ujasiri wa namna hiyo ni adimu.

Dhana: Basi ni mama peke yake.
Hapana. Bowlby alimtwisha mama mzigo kupita kiasi. Ainsworth mwenyewe aliwaona watoto wa Uganda wakishikamana na baba na ndugu pia.

Kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza mwaka 1959 wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini wakati wowote. Miaka saba ilikuwa imepita tangu filamu ile.