Je, wajua? Hospitali ya macho iliyochota wazo kwa wauza baga

Mwanzilishi wa biashara yenye nia ya kusaidia watu hupata wapi wazo lake? Jibu linalozoeleka ni huruma: aliona mateso, moyo ukamuuma, akaanza. Dkt. Govindappa Venkataswamy wa Madurai, kusini mwa India, alikuwa na huruma tele. Hata hivyo, mfano aliopenda kuutaja bila haya ni McDonald's, wale wauza baga wa Marekani ambao mpaka sasa hawajafungua tawi Kenya wala Tanzania.

Historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1976, akiwa na miaka 58 na amestaafu kazi ya serikali, alifungua hospitali ya macho ya Aravind yenye vitanda 11. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi tangu ujanani, akalazimika kujifunza upya kushika kisu cha upasuaji. Ndugu zake waliweka vito rehani ili kazi isonge. Leo Aravind ni miongoni mwa taasisi kubwa kabisa za macho duniani, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wake hutibiwa bure au kwa malipo kidogo mno.

Hapo ndipo wengi hupotea. Husemwa kwamba siri ni kuwatoza matajiri ili maskini watibiwe. Ni kweli wanaolipa huwabeba wasiolipa, lakini hesabu hiyo peke yake haisimami. Bei za Aravind si za kukomoa, na wanaolipa bei kamili hawafiki nusu. Kama kila upasuaji ungegharimu kama kwingineko, wachache hao wangewabebaje walio wengi? Wala hakuna anayedaiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha umaskini wake. Mgonjwa huchagua mwenyewe mlango wa kulipia au wa bure. Mpango huo ungekuwa umefilisika zamani, kama gharama isingekuwa imeshushwa kabla mgonjwa wa kwanza hajalipa.

Ilishushwaje? Fikiria mama wa chapati anayekanda unga, anasukuma, anachoma, anafunga kwenye gazeti na kurudisha chenji, yote peke yake. Mikono yake ina ujuzi wa kuchoma, lakini muda mwingi haiko kwenye kikaango. Mpe msaidizi wa kukanda, wa kusukuma na wa kupokea pesa, kisha mwekee vikaango viwili: chapati moja ikiiva, nyingine imeshawekwa. Hajaongeza haraka ya mkono. Ameacha tu kusubiri.

Chumba cha upasuaji cha Aravind hufanya vivyo hivyo. Daktari hukaa kati ya meza mbili. Akimaliza mtoto wa jicho kwenye meza ya kwanza, huigeuza hadubini upande wa pili, ambako mgonjwa ameshatiwa ganzi, amesafishwa na kufunikwa. Maandalizi yote hufanywa na wasichana, wengi wao kutoka vijijini, waliofunzwa na hospitali yenyewe kwa miaka miwili. Daktari mmoja huweza kufanya upasuaji 2,000 na zaidi kwa mwaka, wakati wenzake wengi nchini humo hufanya mamia machache. Wenye wasiwasi kwamba kasi huzaa makosa watashangaa: viwango vya maambukizi ambavyo hospitali imechapisha ni vya chini, vya kulinganishwa na vya nchi tajiri.

Je, yote haya yalitoka kwenye baga? Hapo mimi ningekwenda polepole. Venkataswamy alikuwa akiendesha kambi za macho vijijini tangu akiwa daktari wa serikali, na kambi yenye foleni ndefu humfundisha mtu kugawa kazi hata kama hajaonja baga maishani. Pia alikuwa mfuasi wa mwanafalsafa Sri Aurobindo, ambaye hospitali imebeba jina lake. Inaelekea McDonald's ilimpa picha ya jambo alilokwisha kulianza: kwamba vijana wa kawaida, wakifunzwa vizuri, wanaweza kutoa huduma ileile kila mahali. Alikwenda hata kukitembelea chuo cha kampuni hiyo katika jimbo la Illinois, Marekani. Mtu wa kutafakari kiroho, darasani kwa wakaanga viazi!

Mtoto wa jicho nao ni ugonjwa unaokubali mtindo huu, kwa kuwa upasuaji wake hufanana jicho kwa jicho. Wodi ya wazazi isingekubali.

Gharama ya muda wa daktari iliposhuka, kikwazo kikahamia kwenye lenzi ya kupandikiza, ile inayowekwa ndani ya jicho badala ya lenzi yenye ukungu iliyotolewa. Iliagizwa nje kwa dola 100 na zaidi, hivyo wagonjwa wengi wa bure walirudi nyumbani na miwani minene. Mwaka 1992 Aravind ilifungua kiwanda chake, Aurolab, na bei ikashuka hadi takriban dola 10.