Hao vifaranga msiwamwage Rutamba

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyesoma, mwenye fedha ya korosho mkononi na nia njema kabisa: "Bwana samaki, perege wetu wamedumaa. Tukitia sato wachache mle Ziwa Rutamba, hapa kwetu Lindi, miaka miwili tu watu watakula samaki wa maana." Nilimjibu kwa adabu. Hapa adabu nitaipunguza kidogo.

Tuanze na huko kudumaa, maana ndiko kunakonichosha. Perege mdogo si lazima awe wa mbegu ndogo. Oreochromis yeyote, yaani jamii nzima ya perege na sato, akibanwa, iwe kwa chakula haba, kwa msongamano, au kwa nyavu za matundu madogo zinazowaondoa wakubwa mwaka hata mwaka, huacha kukua na kuanza kuzaa. Jike ambaye hata kikaango hakimtaki anabeba mayai mdomoni kama mama mzima. Nguvu ambayo ingekwenda kwenye mnofu inakwenda kwenye mayai. Sato naye, yule perege wa Nile (O. niloticus), hufanya hivyohivyo. Aliyewahi kufuga madume na majike katika bwawa moja bila kuwapunguza anajua anachovua mwishoni: ndoo imejaa, lakini samaki ni wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ni kweli kwamba sato kwa asili ni mkubwa kuliko perege wa Rutamba, sikatai. Lakini ukimtia katika maji yaleyale, yenye msongamano uleule na nyavu zilezile, umebadilisha jina la anayedumaa. Hili nimelisema mikutanoni mpaka wajumbe wanajua nitapumzika wapi kuvuta pumzi.

Sasa, huyo mnayemdharau ni nani? Ni Oreochromis korogwe. Rosemary Lowe ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1955, kutoka bonde la Pangani, na kwa miaka mingi akahesabiwa kuwa samaki wa huko Tanga. Kati ya 2013 na 2016 watafiti wakamkuta kwetu, katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, zaidi ya kilomita 500 kusini. Katikati kuna mito ya Wami, Ruvu na Rufiji, na humo anaishi ndugu yake mwingine, O. urolepis. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kwamba bwana shamba fulani wa zamani alimbeba kwenye pipa. Vinasaba vikakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba wa kusini na wale wa kaskazini, wa Mto Zigi na Bwawa la Mlingano huko Tanga, walitengana takriban miaka 140,000 iliyopita. Hakukuwa na mabwana shamba wakati huo.

Utafiti huohuo ulikuta jambo jingine: machotara wa korogwe na sato, katika maziwa matatu ya huku kusini. Yaani kuna waliokwisha kumwaga.

Hapa wengi husema, "Chotara si ndiye bora? Ana nguvu!" Naam, na hiyo ndiyo shida. Angekuwa tasa kama nyumbu wa punda na farasi, nisingeandika chochote. Machotara wa perege huzaa, na watoto wao huzaa, na kila kizazi kinawachanganya zaidi mpaka samaki wa asili anaisha bila hata mmoja kufa kwa ugonjwa. Nyavu zinaendelea kutoka zimejaa, kwa hiyo hakuna anayeona msiba. Kwa macho nako usijidanganye. Tunafundisha kwamba sato ana mistari iliyosimama kwenye pezi la mkia. Chotara anaweza kuwa nayo kidogo, nyingi, au asiwe nayo kabisa. Kuna samaki niliowashika ambao nisingethubutu kuwataja bila maabara.

Halafu kuna hoja ya "vifaranga wa dume tupu", inayotolewa kama turufu ya mwisho: hawazaliani, basi hakuna hatari. Sikilizeni. Vifaranga hao hulishwa chakula chenye homoni kwa wiki tatu au nne za mwanzo, na wengi sana hugeuka madume, ila mara nyingi si wote. Katika bwawa lako lililofungwa, vizuri, wanakua bila kuzaa kwa kuwa hakuna jike. Ziwani majike wapo, tena tele, wa korogwe. Umepeleka jeshi la wachumba wakubwa, na dume la sato halimuulizi jike kabila. Anachimba kiota, anacheza ngoma yake, basi. Sijui mpango gani mwingine wa kutengeneza machotara ungekuwa bora kuliko huo.

Nimeulizwa pia kwa nini Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kule Mtwara, wakituletea mbegu bora ya mkorosho tunashangilia, ila ya samaki tunakunja uso. Mkorosho ukiupanda unakaa palepale. Tena hao wa Naliendele hawatupi mbegu za zamani, wanazitunza, kwa sababu ubora mpya hutoka humo. Kwa samaki ni hivyohivyo: mbegu ya sato iitwayo GIFT ilianza mwaka 1988 kwa kukusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakachanganywa na wa kufugwa wa Ufilipino. Ukimfuta wa porini, mjukuu wako atakayetaka perege wa kustahimili kitu tusichokijua leo atachota wapi?

Habari ya Ziwa Victoria sitaikalia. Sato aliingizwa huko miaka ya 1950. Ngege na mbiru, wenyeji, leo mtu akitaka kuwaona anaanzia kwenye viziwa vya pembeni. Sangara na mambo mengine yalichangia, ndiyo, lakini sato hakuwa mgeni mpole.

Vitabu husema spishi ni kundi lisilozaana na jingine. Perege hawajakisoma kitabu hicho, nami siku hizi nasita nikikinukuu. Samaki ambaye vinasaba vyake vingi ni vya korogwe na kipande ni cha sato, tumlinde au tumvue? Uchanganyiko wenyewe haulingani, baadhi ya sehemu za vinasaba zimeingiliwa sana na nyingine kidogo. Mimi naelekea kusema tumlinde, lakini sina hoja ya kumshinda mwenzangu anayesema hapana.

Kufuga, fugeni. Ila si katika bonde linalomwaga maji kwenye maziwa haya. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, na tuta lako la udongo si imara kuliko lami. Wala usiniambie utaleta O. urolepis wa Rufiji kwa kuwa ni wa Tanzania. Mgeni ni yeyote wa mto mwingine, hana haja ya pasipoti. Na mnaonitumia picha mniambie ni aina gani: ubavu mzima, mkia umetandazwa, kabla ya kuparua magamba. Aliyekwisha kaangwa simtambui.