Upambanuzi si azimio: neno moja katika kuskani majarida ya zamani

Wiki iliyopita nilikaa katika kikao cha watu watano hapa Dodoma, kilichoitishwa kujadili namna ya kuyahifadhi kidijitali majarida ya zamani yaliyojaa makasha mawili ya chuma. Ajenda ya pili ilisomeka: "Kuskani upya kwa azimio la juu." Mzee mmoja, mtumishi mstaafu, alivua miwani akauliza kwa heshima zote azimio hilo lilipitishwa lini na kikao kipi, maana yeye hakupata muhtasari wake. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu katika chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa amelisoma neno lile kwa Kiswahili.

Dhana yenyewe, ambayo Kiingereza huiita "resolution", haihitaji maneno mengi. Kinachozungumzwa ni uwezo wa chombo kuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili, badala ya kuviunganisha vikaonekana kimoja. Ukisimama usiku ukingoni mwa barabara ya Singida, upande wa Nala, basi linalokuja kwa mbali huonekana lina taa moja. Likisogea, taa ile inagawanyika zikawa mbili. Jicho lako limezipambanua. Kwenye skana uwezo huo hutajwa kwa idadi ya pikseli, yaani vijimraba vidogo vya rangi vinavyounda picha, zinazochukuliwa katika kila inchi ya karatasi, na kwa kuwa inchi ni milimita 25.4, pikseli moja kwenye 300 hubeba upana wa karibu milimita 0.085, na kwenye 600 hubeba nusu ya hapo.

Lililobaki ni neno, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kiingereza kilirithi kutoka Kilatini kitenzi "resolvere", chenye maana ya kufungua, kulegeza, kuachanisha kilichoshikamana. Kutoka shina hilo moja kukatoka "resolution" yenye matawi mawili: tawi la wanasheria na wabunge, ambao hufungua fundo la mjadala na kufikia uamuzi, na tawi la wataalamu wa lenzi na darubini, ambao huachanisha nyota mbili zilizoonekana kama moja. Mwaka 1879 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliweka kipimo cha lini nukta mbili za mwanga zihesabiwe kuwa zimetengana, na hakuna kamati iliyoketi kuamua lolote kuhusu nyota hizo. Mfasiri aliyetupa "azimio" alifungua kamusi, akakutana na tawi la kwanza, akalichuma, akaenda zake.

Azimio letu limetokana na kuazimia, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kunuia na kukata shauri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa azimio. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, hilo nalo lilikuwa azimio, na ndiyo maana baadhi yetu tunaishi hapa. Ndani ya neno hili hamna lenzi, hamna utengano, hamna nukta. (Kuazima chombo cha mtu ni neno jingine kabisa, ingawa nakiri kwamba skana tuliyokuwa tukiijadili ilikuwa ya kuazima.)

Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili kinalo neno linalofanana na lile la Kilatini hadi kwenye mifupa. Kauli ya kutendua ndiyo inayogeuza tendo kinyume: tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua. Vivyo hivyo vitu hupambana, yaani hukutana na kugusana, kabla neno hilo halijabaki kwetu zaidi kwa maana ya mapigano, kisha mtu huvipambanua, akavitenga kila kimoja upande wake. Upambanuzi, basi, si tafsiri ya kulazimisha. Ni wazo lilelile lililozaliwa katika nyumba nyingine. Anayesema "rezolusheni" hanisumbui sana, kwa kuwa amekopa neno na kila mtu anaona kuwa ni la kukopa. Anayesema "azimio" ametumia neno letu kwa kazi isiyo yake, na msikilizaji anabaki akitafuta muhtasari wa kikao.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa wapenda kamusi. Ningekubali, kama neno baya lisingezaa kazi mbaya. Azimio ni jambo unaloweza kulipitisha baada ya tukio, na mtu aliyezoea kuliita hivyo huamini kwamba hata upambanuzi unaweza kuongezwa baadaye. Mwaka jana nilipeleka kwenye duka moja la steshenari kurasa za jarida zilizokuwa zimeskaniwa zamani kwa 150, nikiuliza gharama ya kuziskani upya. Kijana wa pale, mkarimu na mwepesi wa mikono, aliniambia hakuna haja ya kuleta jarida lenyewe. Alifungua faili kwenye programu ya picha, akafuta 150, akaandika 600, akahifadhi. Faili lilinenepa mara kumi na sita kwa idadi ya pikseli. Nilipokuza maelezo madogo yaliyo chini ya picha, herufi "e" bado ilikuwa imeziba tumbo ikifanana na "o", isipokuwa sasa ilikuwa "o" kubwa yenye kingo laini. Programu haikuwa na mahali pa kulitoa lile jicho dogo la "e", kwa hiyo ilitazama pikseli jirani ikakisia. Watengenezaji wa skana nao hawajambo: namba kubwa iliyochapwa juu ya boksi mara nyingi ni ya makisio ya namna hiyohiyo, na ile ya kweli, inayotokana na lenzi na kihisio, imeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya kijitabu.

Katika majarida jambo hili lina uzito kuliko katika barua au risiti, kwa sababu picha ya jarida tayari imeundwa kwa nukta. Chukua kioo cha kukuzia, kiweke juu ya anga la buluu kwenye jalada lililochapwa kwa rangi. Anga linatoweka. Panabaki nukta za samawati, za waridi iliyokolea, za njano na nyeusi, zimepangwa kama vijiua vidogo, na weupe wa karatasi ukipenya katikati yake. Majarida ya karatasi laini kwa kawaida yalichapwa kwa mistari 133 hadi 150 ya nukta hizo kwa inchi, na magazeti kwa karibu 85. Ukiskani mistari 150 kwa pikseli 300, kila nukta inapata pikseli mbili tu kwa upana, kiasi ambacho kiko mpakani kabisa, na gridi mbili zikipishana namna hiyo huzaa mawimbi ambayo hayakuwamo kwenye picha, kama yale unayoyaona ukitundika neti mbili za mbu, moja mbele ya nyingine. Kwenye 600 kila nukta inapata pikseli nne, gridi ya wachapaji inaonekana kama gridi, na anayetaka kuilainisha baadaye ana kitu cha kulainisha. Hapo ndipo pia ilipo sababu ya kutoita pikseli za skana "dipiai" (dpi, yaani nukta kwa inchi) ovyo: nukta za wino ni za mashine ya kuchapa, na kwenye jalada la jarida unazo tayari, zikingoja kuchanganywa na za kwako.

Gharama yake inajulikana. Ukurasa wa A4 kwa 300 na rangi za kawaida, bila kubanwa, huchukua megabaiti 26 hivi; kwa 600 huchukua 104, kwa kuwa ukizidisha mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana unapata mara nne. Ukienda 1200 unavuka 400, na kwa jarida la kawaida sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni nyuzi za karatasi pamoja na vumbi jekundu la mji wetu lililotua juu ya kioo. Tena namba haijitoshelezi. Jarida nene lisilolala vizuri huinuka pale kurasa zinapoungana, maandishi ya hapo yakawa mbali na kioo na kufifia, hali skana imeendelea kwa uaminifu kuchukua pikseli zake 600. Pikseli zimo, upambanuzi haumo. Na karatasi zenye asidi, ambazo majarida mengi ya zamani yalichapwa juu yake, zimeshakuwa za manjano na hukatika kingo kila zinapogeuzwa, hivyo huwezi kuzirudisha kwenye kioo kila unapogundua kosa.

Nimekabidhiwa kuandika muhtasari wa kikao kile. Kwenye ajenda ya pili nimeandika: "Kuskani upya kwa upambanuzi wa pikseli 600 kwa inchi, kwa ukubwa halisi wa ukurasa." Neno azimio nimelihamishia chini, kwenye jambo tulilokubaliana sote baada ya chai kwa pendekezo la yule mzee, kwamba makasha yale mawili yaondolewe chini ya dirisha kabla mvua hazijaanza.