Kwa nini "mshipa" ni neno moja lenye maana nyingi?

Mama anayeuza samaki Kibuye, Kisumu, akimwambia daktari "mshipa unanivuta kutoka kiunoni mpaka mguuni", daktari hawezi kumwandikia dawa papo hapo. Lazima aulize: unachoma kama pilipili? Umevimba? Unakaza ukikanyaga? Neno hilo limebeba vitu vinne, na vyote unaweza kuvitafuta mwilini mwako sasa hivi.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kinachodunda ni ateri, inayotoa damu moyoni. Mistari ya samawati mgongoni mwa kiganja ni vena, zinazorudisha damu, nazo hazidundi. Kamba ngumu juu ya kisigino ni kano, inayofunga msuli kwenye mfupa. Ukijigonga kiwiko, ule mshtuko unaokimbia hadi kidole kidogo unapita kwenye neva. Mtaani, vyote ni mshipa. Tena mwanamume akinong'ona kwamba "ana mshipa", huenda anamaanisha ngiri au busha, ambayo mara nyingi huhitaji upasuaji.

Wapo wanaouita huu umaskini wa lugha. Mimi nakataa. Watu walitaja walichokigusa, na chini ya ngozi vitu hivi vyote ni kama kamba. Wagiriki wa kale walifanya vivyo hivyo: neuron, neno lenye asili moja na neva, kwao ilikuwa kano, hata uzi wa upinde. Arteria lilikuwa pia jina la njia ya pumzi, na ateri za maiti zilipokutwa tupu, baadhi yao wakaamini zinapitisha hewa. Ni Galen, daktari Mgiriki wa karne ya 2, aliyeonyesha kwamba zina damu. Kwamba damu hiyo huzunguka na kurudi moyoni, daktari Mwingereza William Harvey alieleza mwaka 1628.

Kiswahili nacho kina namna ya kutenganisha: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu. Lakini hata bila maneno hayo, pale Hospitali ya Jaramogi, ambayo wakazi wengi huiita Russia, maelezo mawili yanatosha kumwelekeza daktari. Mama akisema mguu unakufa ganzi na kuchoma, atakaguliwa mgongo, maana neva ya mguu hutokea huko. Akisema mshipa umevimba na kujipinda kama nyoka, ataambiwa asimame, vena zijae damu zionekane vizuri.